Mlango wa kushoto

Kocha, mchambuzi wa televisheni yetu siku ile, aliisema kauli hii dakika ya 84, baada ya bao la pili, marudio yakiwa bado yanaonyeshwa:

"Kijana wa kushoto ndiye mlango wao leo. Lakini tazama, mlango umeachwa wazi na nani? Winga wake hashuki tangu dakika ya 60, kiungo mkabaji ameufuata mpira, mtoto kabaki na watu wawili. Hapo hata ungemweka nani."

Saa mbili usiku huo sentensi ya kwanza ilikuwa imeshatembea Mbeya nzima. Tatu zilizofuata zilibaki uwanjani. Kisa ninachotaka kukichambua kiko kwenye huo mkato, na nakichambua kwa sababu nilikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa nachagua picha za kurusha siku ile, na nimeishi nacho tangu wakati huo. Majina ya watu nayaacha. Mmoja wao alikuwa na miaka 19, na maneno juu yake yameshasemwa ya kutosha.

Ilikuwa fainali ya mashindano ya kata. Televisheni yetu ni ndogo, inarusha kupitia mtandao, na siku ile tulikuwa na kamera tatu. Ya kwanza, ile ya picha pana, tuliifunga juu ya Fuso lililoegeshwa usawa wa mstari wa kati. Ya pili ilikuwa pembeni ya uwanja kwa ajili ya sura za wachezaji, ya tatu nyuma ya goli. Mtangazaji alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na kasi. Pembeni yake tulimweka Kocha.

Kocha si jina la kazi tu, mjini wote wanamwita hivyo. Alicheza ligi ya juu miaka ya 1990 kama kiungo. Siku hizi ana duka la pembejeo upande wa Uyole, na Jumamosi asubuhi anafundisha watoto bila malipo. Alikulia kwenye sifa za Tukuyu Stars, timu iliyotoka Rungwe mwaka 1986 ikachukua ubingwa wa nchi, na mpaka leo ukimwambia kwamba mpira uko Dar es Salaam anakutajia mwaka huo. Si msemaji sana. Anauangalia mpira kama mkulima anavyoangalia mawingu, kisha anakwambia jambo moja, na mara nyingi jambo hilo linatokea.

Tulimtafuta yeye kwa sababu tulikuwa na dukuduku la muda mrefu. Watu wa nyanda za juu kusini tumezoea kuwasikia wachambuzi wakizitazama timu zetu kama ukuta ambao Simba na Yanga wanapigia mpira. Tarehe 29 Novemba 2022, Ihefu waliifunga Yanga 2-1 pale Highland Estate, Ubaruku, na kuikatisha safari ya mechi 49 za ligi bila kupoteza. Nilikuwa kwenye kibanda umiza Mwanjelwa jioni ile na kesho yake pia. Mazungumzo yote, ya kibandani na ya redioni, yalikuwa ya Yanga wamekosea nini. Kwamba kuna watu kutoka Mbarali waliojipanga vizuri, wakabana katikati na wakajua dakika gani ya kutoka, hilo halikupata mtu wa kulieleza. Mwaka uliofuata, Oktoba, wakawafunga tena 2-1, na bado maelezo yalikuwa yale yale. Tukasema: tukipata nafasi ya kurusha mpira wetu, tutaweka mtu anayeweza kueleza mpira wetu. Kwa hiyo Kocha aliketi pale kwa makusudi, na makusudi yalikuwa mema.

Sasa mechi yenyewe. Uwanja ule una mteremko, kama viwanja vingi vya shule huku kwetu. Anayeshambulia kuelekea juu hutumia nguvu maradufu, na timu ya yule kijana wa kushoto, beki, ilishambulia kuelekea juu kipindi cha pili. Walikuwa wanaongoza 1-0. Winga wao wa kushoto alikuwa amekimbia kupanda na kushuka tangu mapumziko, na kufikia dakika ya 60 hivi akaanza kubaki mbele. Wapinzani waliliona hilo kabla yetu. Wakaanza kumpandisha beki wao wa kulia, na kila mpira ulipokwenda upande ule beki wetu wa kushoto alijikuta na watu wawili: winga aliye na mpira na beki anayepita nje yake. Akimfuata wa ndani, wa nje yuko huru. Akimfuata wa nje, wa ndani anaingia kwenye boksi. Kwa kawaida kiungo mkabaji angesogea kumsaidia, lakini yule kiungo alikuwa na tabia ya kuufuata mpira popote ulipo, na ulipofika kushoto yeye alikuwa bado anarudi kutoka kulia. Dakika ya 77 ikapigwa krosi kutoka pale, 1-1. Dakika ya 83, njia ile ile, 2-1.

Nimeeleza hayo kwa aya nzima. Kocha alikuwa na sekunde 15 hivi. Hapo ndipo ugumu wa kazi ya mchambuzi wa pembeni ulipo, na mtazamaji wa nyumbani hauoni. Mpira unapochezwa, mtangazaji ndiye mwenye kipaza sauti. Mchambuzi huingia mpira unapotoka au bao linapoingia, akaongea juu ya marudio, kisha anyamaze kabla mpira haujaanza tena. Haandiki. Hana nafasi ya kurudia sentensi. Anatazama skrini ndogo yenye picha niliyoichagua mimi, si picha aliyoichagua yeye, na masikioni ana sauti yangu ikimwambia "Kocha, ingia" au "Kocha, malizia". Kuweka sababu tatu katika sekunde 15 kwa Kiswahili kinachoeleweka ni kazi ya fundi. Alifaulu. Ukiisoma ile kauli yake tena utaona hakuna neno la ziada.

Kijana wetu wa mitandao alikata kipande cha sekunde 6. Beki kashika kichwa, sauti ya Kocha: "Kijana wa kushoto ndiye mlango wao leo." Mwisho. Chini akaandika maneno mawili na alama ya mlango. Sitaki kumfanya mbaya. Alikuwa anafanya tulichomwambia afanye: toa vipande vifupi, vya moto, kabla ya wengine. Ukurasa ndio unaoleta wadhamini wadogo, na wadhamini ndio wanaolipa mafuta ya Fuso. Kile kipande kilitazamwa na watu wengi kuliko mechi nzima, na usiku ule baadhi yetu tulifurahi.

Beki yule ni bodaboda. Asubuhi alipofika kijiweni, Kabwe, wenzake wakamwita Mlango. Utani wa kijiweni unaujua, hauna breki. "Mlango, funga!" Abiria wakadaka. Siku ya tatu mtu asiyemfahamu kabisa alimsimamisha barabarani akamuuliza alihongwa shilingi ngapi. Akaacha kwenda mazoezini. Jezi alimpa mdogo wake aipeleke kwa nahodha.

Mama yake anauza viazi kwa sado Mwanjelwa. Alhamisi alifunga biashara mapema akapanda daladala mpaka Uyole, dukani kwa Kocha. Kocha mwenyewe ndiye aliyenisimulia, nami nayaandika kama alivyonipa.

"Kaka, hodi."

"Karibu, dada. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kukuuliza, mwanangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu, dada. Mimi siku ile nilimtetea."

"Mbona hatukusikia?"

Kocha akakosa jibu. Akatoa simu, akatafuta mechi nzima, akasogeza mpaka dakika ya 84, wakasikiliza pamoja wamesimama kati ya magunia ya mbolea. Mama akasikia zile sentensi tatu kwa mara ya kwanza. Akasema, "Haya yangesikika, mwanangu angekuwa mazoezini." Akaaga, akaenda zake. Jioni Kocha alinipigia na kusema hatakaa tena kwenye kile kiti.

"Mbona hatukusikia?" ndilo swali la kisa hiki, na jibu lake ni refu kuliko kosa la kijana mmoja mwenye simu.

Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam mtangazaji alikuwa jicho la nchi. Ahmed Jongo, au Charles Hilary aliyetutoka Mei 2025, alipaswa kumwonyesha mtu aliyeketi Makete na redio ya betri mpira uko wapi, nani anao, anaelekea goli lipi. Hakukuwa na nafasi ya mtu wa pili kueleza kwa nini, kwa sababu "nini" yenyewe ilikuwa inamaliza pumzi yote. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, mtazamaji akarudishiwa jicho. Anaona mwenyewe kwamba mpira umetoka. Ukimwambia umetoka unamchosha. Nafasi iliyobaki ikawa ya mtu anayeweza kumwonyesha asichokiona: mstari wa mabeki umevunjika wapi, kwa nini kiungo yule anapata mpira kila mara bila kubughudhiwa. Huko Uingereza walifika hapo mapema, na kwa njia mbili tofauti. Kombe la Dunia la 1970 kituo cha ITV, cha kwao huko na si cha Mikocheni, kiliwaketisha studioni Malcolm Allison, Derek Dougan, Pat Crerand na Bob McNab, wakawa wanabishana usiku baada ya usiku, na watu wakapenda ubishi kama walivyopenda mpira. Njia ya pili ilikuja na Sky, televisheni nyingine ya huko, walipochukua Ligi Kuu yao mwaka 1992, Andy Gray akisimamisha picha na kuchora mishale. Gary Neville alipoingia mwaka 2011 na Jamie Carragher mwaka 2013, Jumatatu usiku ikawa darasa: picha inasimama, beki anawekewa duara, unaambiwa hatua mbili alizopaswa kupiga na hakupiga.

Njia hizo mbili zote zilitufikia kwa mkupuo mmoja. Azam TV walianza Desemba 2013, na msimu ule ule Mbeya City, wakiwa wageni kabisa wa Ligi Kuu chini ya Juma Mwambusi, wakamaliza wa tatu. Aprili 2014 Azam FC, timu yenyewe, walikuja uwanja wa Sokoine, wakaifunga City 2-1 na kutwaa ubingwa pale pale. Kwa wengi wetu ndiyo mara ya kwanza tuliuona uwanja wetu kwenye skrini kama mahali pa kuchambuliwa. Tangu hapo kazi imekua. Wachezaji wa zamani kama Ally Mayay walituzoesha sauti ya mtu aliyewahi kukaba akieleza kukaba. Mkataba wa 2021 wa Azam kurusha Ligi Kuu, wa miaka 10 na wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 ukaongeza mechi, vipindi na viti. Kila kiti kinahitaji mtu, na si kila aliyeketi ana la kueleza, kwa hiyo njia ya 1970 ikawa rahisi zaidi: weka wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, waache wabishane.

Lakini hata hayo yote hayamfikii mama wa Mwanjelwa. Kuanzia Andy Gray mpaka jana, mchambuzi alikuwa na hakika ya kitu kimoja: anayemsikia ameiona mechi. Ameona winga hajashuka, hata kama hakujua kuwa ameona. Maneno yanakuta picha iliyo tayari kichwani. Leo mchambuzi anasikilizwa zaidi na mtu ambaye mechi hakuitazama. Anakutana na sauti yake kwenye simu, katikati ya video ya mapishi na video ya harusi, na hana dakika 83 zilizotangulia. Kwake, mchambuzi haelezi, anahukumu. Na hukumu inahitaji jina au sura tu, sababu haina kazi nayo.

Nilimwambia Kocha haya nilipokwenda dukani kumwomba asiache. Nilikuwa nimejiandaa na dawa: sababu itangulie, mtu afuate. Badala ya "kijana wa kushoto ndiye mlango", aseme "winga hashuki, ndiyo maana wanapita kushoto". Wakikata, wakate sababu ikiwa imeshasemwa.

Alinitazama kwa muda. "Kwa hiyo kesho Mlango atakuwa winga?"

Nikanyamaza.

"Yule naye amekimbia kupanda mlima dakika 40, mtoto wa watu. Na kocha wao hakuwa na mtu benchi wa kumbadilisha, mmoja alikuwa na malaria. Utamtoa huyu msalabani umpandishe yule?"

Alikuwa sahihi, na nilijifunza hapo kwamba nilikuwa nashughulikia mpangilio wa maneno kana kwamba kosa lote liko mdomoni. Tukakubaliana kitu kidogo zaidi: azungumzie eneo kabla ya mtu. "Upande wa kushoto umebaki wazi." Eneo halina mama. Ukikata hapo, umekata maelezo ya uwanja. Si kila mara inawezekana, kipa akidondosha mpira mikononi ni kipa kadondosha, na mchambuzi anayekwepa kusema hivyo anamdanganya mtazamaji. Sitaki wachambuzi waoga. Tunao wa kutosha wanaosema "mpira una matokeo matatu" na kulipwa kwa hilo. Lakini bao la kushoto siku ile halikuwa la namna hiyo.

Tulifanya na marekebisho ya hadharani. Tuliondoa kile kipande, tukatoa kingine cha dakika moja na nusu chenye kauli nzima, picha imesimamishwa, mishale imechorwa, watu wawili wamezungushiwa duara. Ni kazi nzuri, naweza kumwonyesha yeyote. Waliokitazama walikuwa wachache sana wakilinganishwa na wa kwanza, na cha kwanza kiliendelea kuishi kwenye makundi ya WhatsApp ambako hatuna mkono. Sheria tuliyojiwekea baada ya hapo ni kwamba anayekata kipande awe ameitazama mechi mwanzo mwisho, na kauli ya mchambuzi isikatwe kabla ya nukta ya mwisho hata ikiwa ndefu. Tumepoteza watazamaji kwa sheria hiyo, na kijana wa mitandao ananikumbusha kila mwezi. Ana haki ya kunikumbusha.

Kocha alikwenda mwenyewe kumwona yule beki. Nilitaka kutuma kamera, nikafikiri ingekuwa picha nzuri ya kupatana. Akakataa. "Kamera ikae. Alivunjiwa heshima mbele ya kamera, asiombwe msamaha mbele yake tena, ataona ni kipindi." Walikaa Jumamosi moja pembeni ya uwanja wa mazoezi, na walichozungumza sikijui. Baada ya wiki nne kijana alirudi kucheza.

Nimebakiza sehemu yangu, ambayo niliigundua mwisho kabisa. Niliporudia kuangalia mechi kutafuta picha za ule mchoro wa mishale, nilihesabu nilichowaonyesha watazamaji baada ya bao la pili. Picha pana kutoka juu ya Fuso, ile ambayo winga anaonekana amesimama karibu na mstari wa kati, mikono kiunoni, niliiacha sekunde moja. Kisha nikaruka kwenye kamera ya pili: sura ya beki, kashika kichwa, macho yamejaa. Sekunde saba. Nikarudia tena sura hiyo wakati wa marudio. Ilikuwa picha yenye hisia, na nilifundishwa kwamba baada ya bao unatafuta hisia. Kwa hiyo Kocha alipotazama skrini yake ndogo na kuanza kuongea, alichokuwa nacho mbele yake ni kijana mmoja tu. Winga nilikuwa nimeshamwondoa. Kocha alianza na kijana kwa sababu mimi nilianza naye. Sentensi zake tatu za utetezi alizitoa kichwani, akikumbuka uwanja ambao picha yangu ilikuwa imeuficha.

Nilimwambia hivyo. Hakushangaa. Alisema alidhani ndivyo inavyofanywa. Kisha akaomba awekewe skrini ya pili yenye picha pana muda wote, hata ikiwa ndogo kama simu, na akakubali kurudi.

Mechi yake ya kwanza baada ya hapo ilikuwa uwanja ule ule wenye mteremko, jioni ya baridi, ukungu ukianza kushuka kutoka mlima Loleza. Kijana alicheza kushoto. Dakika ya 52 wapinzani wakapita upande wake, krosi, bao. Mkono wangu ulikuwa umeshaelekea kwenye kitufe cha kamera ya pili. Nikaurudisha. Nikabaki na picha kutoka juu ya Fuso, watu wote 22 wakionekana, wadogo, wengine wanakimbia kushangilia, wengine wamesimama walipokuwa.

"Hapo," Kocha akasema hewani. "Iacheni hapo hapo. Tuhesabu. Kushoto kule, wa bluu watatu, wa njano mmoja. Haya, wale wengine walikuwa wapi?"